Blanketi la Mlimani, Joto la Same

Same usiku kuna baridi?

Dada yangu Neema aliniuliza hivyo kwenye simu, mwezi wa pili, akinong'ona. Nilimwambia asubiri kidogo. Nikafungua mtandao, nikakuta mchoro wa halijoto ya Same kwa miezi kumi na miwili: nguzo nyekundu ndefu kuanzia Desemba hadi Machi, zinapungua masika yakiingia, zinakuwa fupi Juni na Julai, kisha zinapanda tena. Pembeni ya kila nguzo nyekundu palikuwa na ya bluu, ya usiku. Nikamsomea. Nikamwambia usiku wa mwezi wa pili hapo kwao hapana baridi ya maana, panapoa tu.

"Sawa. Sasa mtoto afunikwe au asifunikwe?"

Mchoro haukusema lolote kuhusu watoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa na wiki mbili. Neema alipangiwa kufundisha Same miaka michache iliyopita, akaolewa hukohuko na Eliamani, fundi umeme, kijana wa Kipare kutoka milimani. Baada ya kujifungua, mama yake Eliamani alishuka kumhudumia, kama desturi yao inavyotaka: mama mkwe humpikia mzazi, humkanda kwa maji ya moto, na mtoto huwa mikononi mwake. Mtoto huyu alivalishwa sweta, soksi na kofia ya sufu, akazungushiwa blanketi, na jua likizama dirisha la chumba lilifungwa mpaka asubuhi. Kwa siku mbili zilizopita alikuwa ananyonya kwa uvivu.

"Mimi ni mkwe, siwezi kumwambia mama wa watu kwamba hajui kulea," Neema alisema. "Wewe unapenda ubishi. Njoo unibishie."

Ni kweli napenda. Nilimaliza chuo nikiwa nimesoma takwimu, na tangu hapo nimekuwa nikifanya kazi za vipande vipande na kuuliza kila mtu amejuaje anachokisema. Baba husema hata nikienda kung'oa jino nitamtaka daktari athibitishe kwamba jino ni langu. Nikakata tiketi.

Kesho yake alfajiri nilikuwa stendi ya Mbezi na begi dogo lenye fulana nne na sandali. Nilikuwa natoka Dar es Salaam, jiji la joto, naenda mji mwingine wa joto. Sweta la nini?

Kutoka Chalinze nililala. Korogwe niliamka, mashamba ya mkonge yakiwa yamejipanga kwa mistari mpaka macho yanachoka. Baada ya Mombo milima ilitufuata upande wa kulia, ya Usambara kwanza, kisha ya Upare, na nchi ya chini ikazidi kuwa kavu, miti mifupi yenye miiba na vumbi jekundu. Karibu na Hedaru nikaona nianze utafiti wangu mapema. Nikamgeukia mama mmoja mfanyabiashara wa Mwanga aliyekaa jirani yangu, nikamuuliza kama Same usiku kuna baridi.

"Inategemea umelala na nani," akasema.

Viti vitatu vya nyuma vilicheka. Kijana mmoja akasema Same hakuna baridi, kuna upepo. Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa anashuka Makanya kuangalia ng'ombe zake, akasema upepo ndio baridi yenyewe. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Nikabaki na majibu matatu badala ya moja.

Same, saa kumi jioni. Niliposhuka nilidhani nimesimama nyuma ya injini ya basi. Nikasogea hatua kadhaa, nikasogea tena, basi likaondoka, joto likabaki. Halikufanana na la kwetu. Joto la Dar linakulowanisha, unajua kabisa kwamba una joto. Hili lilikuwa kavu. Upepo ulivuma kutoka kwenye pengo la milima ukiwa na vumbi, ukanikausha jasho kabla sijaliona. Fulana ilikuwa kavu, mikono mikavu, nikajisemea si mbaya sana. Kufika nyumbani kwa Neema kichwa kilikuwa kinagonga na midomo imepasuka.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili na sebule, nyumba ya tofali za saruji iliyoezekwa bati, haina dari. Ukilala chali unayaona mabati na misumari. Mama Eliamani alinipokea mlangoni. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mume wangu?"

Alimaanisha mtoto. Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, Mbonea, ambaye alishafariki, kwa hiyo kwa hesabu za bibi yake mume alikuwa amerudi. Aliniambia kwamba hata tabia ni zilezile: akishashiba hana habari na mtu. Nilicheka, nikampenda papo hapo, jambo ambalo lilinipa shida kwa kazi iliyonileta.

Jioni hiyo, tukiwa tunamenya maharage, nilimchokoza kuhusu mji. Aliujua kuliko Neema. Tangu Eliamani hajazaliwa amekuwa akishusha tangawizi na maharage sokoni Same. Alijua nani anapunja kwenye kipimo, duka gani lilikuwa la nani kabla halijawa la huyu wa sasa, na mtaa upi maji hukatika kwanza. Nikaona huyu si mtu wa kuambiwa habari za Same. Nikamwambia hata hivyo. Nikatoa simu, nikamwonyesha ule mchoro.

Akauweka mbali na macho, akautazama kwa heshima.

"Mistari mizuri," akasema. "Ni ya kitenge?"

Neema aliinamia sufuria ili asionekane anacheka. Nikaeleza nguzo nyekundu, nikaeleza za bluu, nikafika kwenye sweta. Mama Eliamani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimelea saba," akasema. "Wewe umelea wangapi?"

"Sijalea, mama."

"Basi kula makande."

Baadaye, kwa upole, alinieleza sababu zake. Mchana ni jua, kila mtu anajua jua la Same. Lakini usiku ni usiku. Upepo wa usiku ukimwingia mtoto mchanga kifuani anapata nimonia, na kule kwao mwezi wa saba wingu linaingia hadi ndani ya nyumba kama mgeni, likikuta mtoto wazi linaondoka naye. Alisema hivyo bila kuongeza chumvi, kama mtu anayetaja njia ya kwenda kisimani. Kila nilipouliza kwa nini, alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na akili. Nilikuwa nimezoea kubishana na watu wasio na sababu. Tukakubaliana tuendelee kesho.

Alfajiri niliamshwa na baridi. Nilikuwa nimetandikiwa godoro sebuleni, chini ya dirisha nililoliacha wazi, na upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja. Nikavuta kanga hadi shingoni. Kwa hiyo mama wa watu alikuwa sahihi, nikawaza. Same usiku kuna baridi, na mimi nimesafiri siku nzima kuja kumfundisha mtu anachokijua. Nikaona nimwambie Neema mapema kwamba ubishi wake nimeushindwa. Nikafungua mlango wa chumba chao.

Joto lilinipiga usoni. Nilisimama pale, mgongo ukiwa baridi na uso ukiwa moto, nisielewe. Kulikuwa na mlango mmoja tu wa mbao katikati yetu. Jua lilikuwa limewaka siku nzima juu ya mabati yale na kuta zile, kisha dirisha likafungwa kwa uangalifu, na watu watatu wakalala humo na joto la jana lote.

Neema alikuwa amelala kama mtu aliyepigwa. Mama Eliamani alikuwa ameegemea ukuta kwenye godoro lake la chini, macho wazi, mkono mmoja juu ya mtoto. Nikapiga magoti. Nikaingiza vidole chini ya kofia ya sufu. Kichwa kilikuwa cha moto, kikavu kabisa, na pale utosini, palipotakiwa kuwa sawa, pamebonyea. Nikafungua blanketi. Hakulia. Nikamvua sweta, nikimpitisha mikono kwa haraka kuliko inavyofaa, na hakulia bado. Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Mtoto wa wiki mbili akivuliwa nguo alfajiri bila ruhusa yake anatakiwa kuwaamsha majirani.

"Neema, amka. Mtoto hayuko sawa."

Mama Eliamani alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu.

"Usimtoe nje kwenye upepo. Nakuomba."

Alikuwa hajawahi kuniomba kitu. Na mimi sikuwa na uhakika. Niseme ukweli, wakati ule sikuwa na uhakika wa lolote. Nusu ya kichwa changu ilikuwa inasema huyu mama amelea saba na wewe umeona mchoro. Lakini mtoto alikuwa halii. Nikamtoa.

Kwenye bajaji, Neema alijaribu kumnyonyesha njia nzima. Mtoto alishika ziwa, akaliachia. Mama Eliamani alikaa pembeni, blanketi limekunjwa mapajani, akiangalia upepo unavyocheza na nywele za mjukuu wake kama anaangalia nyumba inayoungua.

Hospitalini walimpokea papo hapo. Nesi, mwanamke mfupi mwenye haraka, alimpima joto, akasoma, akapima tena. Akamvua hata kile kifulana kilichobaki, akampangusa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, wakamchukua damu, wakamkamulia maziwa ya mama na kumpa kwa kikombe kidogo, tone kwa tone. Akauliza alikuwa amevaa nini usiku. Neema alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Mama Eliamani ndiye aliyejibu, akavitaja vyote, kofia, sweta, soksi, shuka, blanketi, na dirisha, hakuficha hata kimoja.

Nesi hakumgombeza. Alimshika mkono, akaupeleka nyuma ya shingo ya mtoto.

"Hapa, mama. Pakiwa pa moto, unapunguza nguo. Pakiwa pa baridi, unaongeza. Usiulize saa wala usiku, uliza hapa."

Nikamuuliza pembeni hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Akasema mtoto ameishiwa maji, na kwamba kama tungesubiri mpaka jioni, yeye hataki kusema kingetokea nini.

Karibu na adhuhuri Mbonea alilia. Kilio chembamba, cha kulalamika, kisha kikawa kikubwa, na Neema akaanza kulia naye. Majibu ya damu hayakuonyesha ugonjwa wowote. Lilikuwa joto, na maziwa aliyoshindwa kunyonya kwa sababu ya joto. Tulibaki wodini usiku ule na mwingine.

Muda wote huo Mama Eliamani alikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Alileta uji, alifua nepi, aliwasalimia watu aliowajua kutoka sokoni, nao walikuwa wengi. Lakini hakumgusa mtoto, na hakumwita "mume wangu" hata mara moja. Nilikuwa nimeshinda ubishi ulionileta. Sijawahi kushinda kitu nikajisikia vibaya namna ile.

Siku ya tatu, tuliporuhusiwa, Eliamani alikuwa amefika kutoka Korogwe alikokuwa kikazi. Alimbeba mwanawe, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akasema Neema na mtoto wapande mlimani wakakae mpaka mvua za masika zipooze mji. Nikauliza, kama kawaida yangu, tofauti itakuwa nini, ni wilaya moja.

"Shemeji," akasema, "wewe panda kwanza, maswali utauliza juu."

Saa saba mchana tuliondoka Same kwa Land Cruiser ya jirani. Hadi Mwembe nilikuwa natoa kichwa dirishani kutafuta hewa. Baada ya hapo gari likaanza kupanda, kona baada ya kona, bonde likishuka upande mmoja na ukuta wa udongo mwekundu ukipanda upande mwingine, na kila kona ikatupunguzia kitu. Kwanza vumbi. Kisha miiba. Migomba ikatokea, halafu mifereji ya maji kando ya njia, halafu vibanda vyenye tangawizi iliyotandazwa kwenye magunia. Masikio yakaziba. Neema akafunga dirisha lake, kisha Eliamani akafunga la kwake. La kwangu nililiacha kwa ubishi tu, mpaka nikashindwa.

Tulipofika kijijini saa kumi hivi, wingu lilikuwa limekaa juu ya paa za nyumba. Nilishuka na fulana yangu na sandali zangu, meno yakaanza kugongana. Nilitazama chini kupitia upenyo wa wingu, nikauona mji wa Same, mweupe kwa jua, unachemka. Tulikuwa tumetoka huko saa chache tu zilizopita. Mwezi ulikuwa uleule, wa ile nguzo nyekundu ndefu kwenye simu yangu, na mimi nilikuwa natetemeka kiasi cha kushindwa kushika begi. Eliamani hakuniuliza maswali yangu yako wapi. Alinipa koti lake la kazini.

Ndani ya nyumba ya Mama Eliamani, kuta nene za udongo, madirisha madogo, Neema alimlaza mtoto kitandani akaenda kunawa. Mtoto alikuwa na kifulana chepesi tu, kama alivyotoka nacho wodini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikijipasha mikono. Mama Eliamani alikuwa amesimama karibu na kitanda, mikono ameiweka nyuma. Miguu ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa na madoadoa ya rangi ya zambarau. Aliiona. Nilimwona akiiona. Hakusogea.

"Mwanangu," akasema bila kunigeukia, "nimfunike au nisimfunike?"

Mwanamke huyu alikuwa amelea watoto saba ndani ya chumba hiki, wingu likipita mlangoni, na hakupoteza hata mmoja. Sasa alikuwa anamuuliza msichana wa fulana na sandali.

"Mguse shingoni, mama."

"Mkono wangu umeshanidanganya."

"Nesi alikuonyesha wewe. Mimi hakunionyesha."

Alisita. Nilitaka nimfunike mimi mwenyewe mtoto, ilikuwa kazi ya sekunde moja, na nikajizuia. Mwisho akatoa mkono wa kulia kutoka mgongoni, akauingiza chini ya kichwa cha mtoto, akautuliza hapo. Midomo ilikuwa inacheza, sijui kama ni sala.

"Ana baridi," akasema.

Akasubiri kidogo, kama anayetaka mtu ambishie. Sikubisha. Akafungua blanketi lilelile, akamzungushia mtoto kwa mikunjo mitatu ya haraka ambayo mikono yake iliijua bila yeye, akaingiza vidole tena shingoni, akalegeza mkunjo mmoja. Neema aliporudi alimkuta mtoto anahangaika kutafuta ziwa na bibi yake amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Mchukue mume wangu," akasema. "Ananipigia kelele kama nimemnyima chakula mimi."

Asubuhi iliyofuata nilishuka peke yangu kwa bodaboda, koti la Eliamani mwilini mpaka Mwembe, kisha kiunoni, kisha begini. Ndani ya basi la kurudi Dar nilifungua tena ule mchoro. Haukuwa na kosa. Kipimo kinawekwa nje, kivulini, penye hewa, na pale usiku wa Same unapoa kama nilivyomsomea Neema. Nilijifunza tu kwamba hakuna mtu anayelala pale. Mtu analala chini ya bati, nyuma ya dirisha, ndani ya sweta alilovalishwa na anayempenda, na joto la huko ndani hakuna aliyekuja kulipima. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anataja joto la mji fulani, namuuliza ni la upande gani wa mlango.

Nilidhani safari hiyo nimeielewa. Kuhusu Mama Eliamani nilijua kwamba alikosea kwa kushikilia mambo ya zamani, na nilimsamehe hivyo, kwa ukarimu wa mtu wa chuo.

Mbonea alikuwa tayari anakimbia na kuvunja vikombe Neema alipokuja naye Dar na kunisimulia jambo ambalo mkwewe alimwambia karibuni tu, kwa aibu, wakiwa shambani. Mama Eliamani, aliyeujua mji wa Same kuliko sisi sote, alikuwa hajawahi kulala Same. Maisha yake yote alishuka asubuhi na mzigo akapanda na gari la mchana, maana ng'ombe hawajikamui. Usiku aliokuja kumlea mtoto yule ndio ulikuwa wa kwanza, na hakujua kwamba usiku unaweza kuwa na joto. Moto alioupata mwilini akiwa kwenye godoro lile alidhani ni malaria yake ya zamani imerudi. Hakumwambia mtu, asije akarudishwa nyumbani. Kila jioni alipita duka la dawa, akameza vidonge, kisha akamwongezea mtoto nguo, ili homa ile isimpate na yeye.